Kofia na Daraja la Meno: Kabla ya Kuchongwa, Siku ya Kuvishwa, na Miaka Inayofuata

Daktari wa meno akikuambia kwamba jino lako linataka kofia, swali la kwanza la kumuuliza si la rangi. Muulize: uozo wote ukishaondolewa, litabaki jino kiasi gani? Jibu lake ndilo litakaloamua kama kofia hiyo itakaa miaka mingi au itang'oka mapema pamoja na kisiki kilichoishikilia.

Kofia, au taji kama wengine wanavyoiita, ni ganda gumu linalotengenezwa nje ya mdomo kisha kugandishwa juu ya jino lililochongwa, likafunika sehemu yote inayoonekana juu ya ufizi. Daraja ni kofia mbili au zaidi zilizoungana na jino bandia: kofia huvishwa meno yaliyo pembeni mwa pengo, ambayo ndiyo nguzo, na jino bandia huning'inia katikati yao bila mzizi wowote. Tofauti na meno bandia ya kuvaa na kuvua, kofia na daraja havitoki. Unakula navyo na unalala navyo.

Lakini vina sharti moja ambalo wagonjwa wengi hulielewa baadaye: jino lazima lichongwe, na enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, haioti tena. Kwa kofia kamili, zaidi ya nusu ya sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi huondolewa. Kuanzia siku hiyo jino litahitaji kofia maisha yake yote. Ikichakaa hii, itatafutwa nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye yale ya kufanya kabla mashine ya kuchongea haijawashwa.

Hatua ya 1: Hakikisha unahitaji kweli

Jino lenye tundu dogo au la wastani huzibwa, basi. Kofia ina sababu zake: jino lililozibwa na kuzibwa tena hadi kuta zake zimekuwa nyembamba, jino lililomeguka upande mzima, jino lenye ufa, lile linalochoma pale unapouma kitu kigumu na hasa unapoachia, jino lililolika kwa asidi au kwa kusagwa usiku, na gego lililofanyiwa tiba ya mzizi.

Hilo la mwisho lina maelezo yasiyo sahihi yanayozunguka. Utasikia kwamba jino likishaondolewa neva hukauka na kuwa kama ukuni. Udhaifu wake hautoki huko hasa. Uozo ulikula sehemu, kisha daktari akafungua paa la jino ili aifikie mizizi, na kuta zilizobaki zimepoteza kilichokuwa kinazifunga pamoja. Kila unapotafuna zinatanuka kidogo, mpaka siku moja jino linapasuka. Ufa ukishuka hadi mzizini hakuna tiba zaidi ya kung'oa. Kwa hiyo gego kama hilo hufunikwa, na halipaswi kusubiri miezi na miezi likiwa na kiziba cha muda. Meno ya mbele ni habari nyingine: hayabebi mzigo wa kutafuna kama magego, na kama kuta zake ni nzima mara nyingi yanatosheka na kuzibwa tu.

Sababu mbaya zaidi ya kuwekewa kofia ni kutaka tabasamu jipya wakati meno ni mazima. Weupe hupatikana kwa dawa ya kung'arisha, mpangilio hupatikana kwa nyaya. Kuchonga safu nzima ya meno yasiyo na kasoro ili yafanane na picha ni biashara ambayo mwenye meno ndiye atakayeilipia kwa miongo. Kama kasoro iko mbele tu, uliza kuhusu ganda jembamba la upande wa mbele. Kama kilichovunjika ni sehemu ya juu ya gego, uliza kuhusu kifuniko cha nusu jino. Vyote viwili huchukua jino kidogo kuliko kofia kamili.

Na pengo? Si kila pengo lazima lizibwe. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia kipimo cha meno 20 ya asili kuwa yanatosha kwa kazi ya kula, ilhali mtu mzima kamili ana 32. Mtafiti wa Uholanzi, Käyser, aliandika mwaka 1981 kuhusu watu waliokosa magego ya nyuma na bado wakatafuna vizuri. Gego la mwisho kabisa likitoka, kwa kawaida hakuna haja ya kulirudisha. Pengo la katikati ya safu lina madhara zaidi: meno jirani yanaweza kulalia upande wake na jino lililo mkabala nalo likashuka au kupanda kulifuata. Hutokea polepole, na si kwa kila mtu, kwa hiyo usikubali kutishwa ili uamue leo leo.

Ukiamua kuliziba, angalia meno yaliyo pande zote mbili za pengo. Kama yana viziba vikubwa au tayari yana kofia, daraja lina mantiki, maana meno hayo yangehitaji kufunikwa hata hivyo. Kama ni mazima kabisa, fikiria kwanza kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa na kuvishwa jino juu yake, au daraja la kubandika. Hili la kubandika lina bawa jembamba linalogandishwa nyuma ya jino jirani kwa gundi ya rezini, na jino halichongwi au huguswa kidogo tu. Linafaa sana kwa jino dogo la mbele la pembeni. Ajabu yake ni kwamba bawa moja mara nyingi hudumu kuliko mawili: meno mawili hayachezi kwa mwendo mmoja, bawa moja likiachia lile jingine huendelea kulishikilia daraja, na uozo huingia chini ya lililoachia bila mwenyewe kujua.

Hatua ya 2: Msingi kwanza

Kabla ya kofia yoyote lazima ipigwe eksirei ya jino zima hadi ncha ya mzizi. Daktari anatafuta usaha kwenye ncha, kiasi cha mfupa unaoushika mzizi, na uozo uliojificha. Atajaribu pia kwa kitu baridi kuona kama neva iko hai. Kofia iliyowekwa juu ya jino lenye maambukizi itabidi itobolewe baadaye, na huo ni uharibifu wa kazi mpya.

Kisha kuna kipimo ambacho ningependa kila mgonjwa akijue. Kofia inahitaji ukanda wa jino zima, lisilo na uozo wala kiziba, wa takriban milimita 2 kwenda juu kutoka ufizini, kulizunguka jino lote au karibu lote. Ukanda huo ndio kofia inaukumbatia. Usipokuwepo, nguvu zote za kutafuna hushuka kwenye kile kilichojengwa juu ya mzizi, na mwishowe ama kinang'oka au kinaupasua mzizi. Wengine huambiwa kwamba kijiti kikiingizwa ndani ya mzizi jino litakuwa imara zaidi. Kijiti hakiimarishi mzizi. Kazi yake ni kushikilia nyenzo iliyojengwa badala ya jino lililopotea, na pale ambapo nyenzo hiyo inashika yenyewe hakina faida.

Jino likiwa fupi mno, ufizi na mfupa kidogo unaweza kukatwa ili jino zaidi lionekane, au mzizi ukavutwa juu kwa nyaya. Njia zote mbili zinachukua muda. Ikiwa hata hapo jino halitoshi, ushauri wa kweli ni kung'oa, hata kama unauma kuusikia.

Fizi zinazotoka damu hutibiwa kabla, si baada. Damu huharibu vipimo, na ufizi uliovimba ukija kupona husinyaa, ukaacha ukingo wa kofia wazi na mstari unaoonekana. Uvutaji na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona huko. Mwambie daktari ukweli. Kama unataka kung'arisha meno, fanya sasa na usubiri kama wiki mbili rangi itulie, kwa sababu kofia haibadiliki rangi kwa dawa yoyote.

Kwa daraja kuna hesabu ya nyongeza. Kanuni ya zamani inayohusishwa na jina la Ante, ya mwaka 1926, inasema eneo la mizizi ya nguzo lisiwe dogo kuliko lile la mizizi ya meno yaliyopotea. Siku hizi haishikwi kama sheria, ila wazo lake bado lina maana: pengo la jino moja ni kazi ya kawaida, la mawili ni la kufikiriwa, la matatu au zaidi ni la kutiliwa shaka. Daraja likiwa refu mara mbili, unene ukiwa uleule, hupinda mara nane zaidi, na kupinda ndiko kunakovunja kauri na kulegeza saruji, yaani gundi inayoshikilia kofia kwenye jino. Jino likiwa limeng'olewa karibuni, mfupa na ufizi huendelea kusinyaa. Subiri karibu miezi mitatu kabla ya daraja la kudumu, la sivyo nafasi itafunguka chini ya jino bandia. Kwa muda huo unaweza kuvaa la muda.

Hatua ya 3: Chagua nyenzo

Hapa wagonjwa hutumia muda mwingi kuliko inavyostahili. Nyenzo nzuri kwenye kisiki kibovu haisaidii kitu.

Dhahabu, ambayo kwa kweli ni mchanganyiko wa dhahabu na metali nyingine, bado haijapitwa kwa gego la nyuma: inachongewa nafasi ndogo, haipasuki, na hailisagi jino la mkabala. Tatizo ni rangi na gharama. Kauri iliyochomewa juu ya chuma imetumika kwa miongo na ina rekodi nzuri; kasoro yake ni kauri kubanduka vipande na mstari wa kijivu kwenye ufizi unaporudi nyuma. Zirkonia, aina ya kauri, ni ngumu sana, inafaa magego na madaraja, ingawa aina zake zenye nguvu zaidi huwa na weupe mzito usiopitisha mwanga. Kauri ya lithiamu disilikati inapitisha mwanga vizuri kama jino, kwa hiyo hupendwa mbele na kwenye magego madogo, lakini si chaguo la daraja refu. Kama una mzio wa nikeli, sema mapema, kwa kuwa baadhi ya metali za bei nafuu zinayo.

Mtu anayesaga meno usingizini atavunja chochote. Kwake swali muhimu zaidi ni kama atavaa kinga ya plastiki ngumu usiku.

Hatua ya 4: Siku ya kuchongwa

Kula kabla ya kwenda, maana ganzi itakaa saa kadhaa na huwezi kutafuna kwa usalama ukiwa huhisi ulimi wako.

Rangi ichaguliwe mwanzo kabisa, mdomo ukiwa na unyevu. Jino likikaa wazi na kukauka hugeuka jeupe kuliko kawaida yake, na rangi iliyochaguliwa mwishoni mwa kazi huja kuwa nyeupe kupita jirani zake. Ikiwezekana chagua karibu na dirisha, mchana.

Baada ya ganzi daktari huondoa uozo na viziba vya zamani, hujenga upya sehemu zilizopotea, kisha huchonga jino pande zote. Juu, panapotafunia, huondoka milimita 1.5 hadi 2 kwa kofia za kauri, na kidogo kuliko hapo kwa chuma. Pembeni huachwa kuta zinazoegemea ndani kidogo tu; zikiegemea mno kofia haitashika. Kwa daraja kuna ugumu mwingine: kuta za nguzo zote lazima zielekee upande mmoja, vinginevyo daraja halitaingia.

Uzi mwembamba husukumwa kati ya jino na ufizi ili ukingo uonekane, halafu vipimo huchukuliwa, ama kwa nyenzo laini ya silikoni inayogandia mdomoni ama kwa skana. Meno ya mkabala na namna unavyouma hupimwa pia. Unatoka na kofia ya muda. Kazi huenda maabara, ambako kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili, isipokuwa kliniki ina mashine ya kuchonga kofia papo hapo.

Hatua ya 5: Wiki za kofia ya muda

Kofia ya muda ni ya plastiki na imebandikwa kwa saruji dhaifu makusudi. Tafuna upande mwingine, epuka peremende za kunata, na unapopitisha uzi wa kusafishia meno, uvute utokee pembeni badala ya kuupandisha juu. Ikitoka, usiitupe. Piga simu kliniki. Unaweza kuirudisha kwa saruji ya muda inayouzwa duka la dawa, lakini gundi ya viatu au ya vyombo haina ruhusa mdomoni. Kukaa bila kofia siku nyingi kunawasha jino, na zaidi ya hapo meno jirani husogea, kisha kofia halisi ikifika haingii.

Hatua ya 6: Kabla ya saruji

Siku ya kuvishwa ndiyo siku ya kusema. Saruji ya kudumu ikishakauka, kuitoa kofia mara nyingi ni kuikata.

Omba kuonyeshwa ikiwa imewekwa tu bila kugandishwa. Tazama kwenye kioo, kwa mwanga wa mchana kama upo. Daktari atapitisha kifaa chembamba kwenye ukingo, pale kofia inapokutana na jino. Kisinase wala kisizame. Kofia nyingi hazifi kwa kuvunjika, huozea hapo kwenye mstari. Uzi upite kati ya kofia na jino jirani kwa kubana kidogo: ukipita bila upinzani chakula kitajikusanya, usipopita kabisa kumebana mno. Daraja lisiyumbe hata kidogo ukilibonyeza ncha moja.

Kuuma hukaguliwa kwa karatasi ya rangi. Ganzi ikiwepo hisia zako si za kuaminika, kwa hiyo ukiweza kuvumilia, afadhali kuvishwa bila ganzi. Ukihisi kofia inagusa kabla ya meno mengine, sema, rudia kusema. Kama daktari ana shaka juu ya neva au wewe una shaka juu ya umbo, daraja linaweza kubandikwa kwa saruji ya muda kwa wiki chache. Ni ombi la kawaida.

Hatua ya 7: Siku za mwanzo

Kusikia baridi au ufizi kuuma kwa siku kadhaa, hata wiki chache, si ajabu. Maumivu ya kuuma tu, yanayokuja meno yanapokutana, kwa kawaida ni kofia iliyo juu mno, na hurekebishwa kwa dakika chache. Usingoje izoeleke, kwa sababu jino linalogongwa kila mara huvimba kwenye mzizi. Maumivu yanayodunda, yanayokuamsha usiku, au yanayobaki muda mrefu baada ya kitu cha moto, yana maana nyingine: neva imeshindwa. Hili hutokea kwa baadhi ya meno hata kazi ikiwa safi, na tiba ya mzizi mara nyingi hufanywa kupitia tundu dogo kwenye kofia hiyohiyo.

Hatua ya 8: Kuitunza

Kofia haiozi. Jino lililo chini yake linaoza. Mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floridi, nywele za mswaki zikielekezwa kwenye mstari wa ufizi, na uzi kila siku pande zote mbili.

Daraja linadai zaidi, na hapa ndipo wengi huachia. Uzi wa kawaida hauwezi kupita juu kwa sababu meno yameungana. Tumia sindano ya plastiki ya kupitishia uzi, au uzi maalumu wenye ncha ngumu na sehemu ya kati yenye manyoya: ingiza ncha kutoka upande wa shavu, chini ya jino bandia, uitokezee upande wa ulimi, kisha usugue tumbo la jino bandia na ubavu wa kila nguzo. Mara za mwanzo inachosha na damu hutoka kidogo. Nafasi zikiwa pana, brashi ndogo za katikati ya meno ni rahisi zaidi. Maji ya kusukutua hayachukui nafasi ya kazi hii.

Barafu, kufungua vifuniko kwa meno na kutafuna kalamu viache. Rudi kukaguliwa kwa muda atakaoupanga daktari, na eksirei mara moja moja, kwa kuwa uozo wa chini ya kofia hauonekani kwa macho na, kama neva ilishatolewa, hauumi.

Dalili za kutosubiri

Harufu au ladha mbaya inayotoka sehemu moja ya daraja, au mapovu yakitokea ukingoni unapolibonyeza, humaanisha saruji imeachia kwenye nguzo moja wakati nyingine bado inashika. Halilegei kwa kuonekana, haliumi, na ndani yake nguzo inaoza. Nenda wiki hiyohiyo. Kipele cha usaha kwenye ufizi, uvimbe wa shavu, au homa havingoji hata hiyo wiki. Ukipata shida ya kumeza, kufungua mdomo au kupumua, nenda hospitali mara moja.

Kofia ya kudumu ikitoka nzima, ioshe, iweke kwenye kichupa, na uende nayo. Tazama ndani yake: ikiwa tupu, huenda ikabandikwa tena, ikiwa imejaa jino, kisiki kimevunjika na mazungumzo yanaanza upya kutoka hatua ya 2.

Kofia nyingi hufika miaka kumi hadi kumi na tano, na zipo zinazopita ishirini. Muombe daktari akuandikie jino lililofunikwa, nyenzo iliyotumika, tarehe, na nakala ya eksirei, uvihifadhi wewe mwenyewe. Daktari atakayeibadilisha huenda asiwe yuleyule, na zirkonia haikatwi kwa kifaa kinachokata dhahabu.